Mwanafunzi Ugenini na Mizani Yake



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia barazani mtu niliyemsomesha Kurani tangu alipokuwa mtoto wa miaka saba. Sasa kidevu chake kina mvi. Alikuja amemshika mkono mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 19, akaniambia: "Maalim, huyu amejaaliwa kupata nafasi ya kwenda kusoma Misri, katika Al-Azhar. Nimemleta umpe nasaha, kama ulivyonipa mimi."

Maneno yale ya mwisho yalinichoma moyo. Kwani nasaha nilizompa baba ndizo zilizomrudisha nyumbani mikono mitupu. Niliwaomba wanipe siku chache nifikiri, nao wakakubali. Jawabu nililowapa nimeona niliandike hapa, wapate kunufaika nalo wazazi wengine ambao watoto wao wanajiandaa kwa safari kama hiyo, na walimu wenzangu pia.

Kosa la mwalimu

Ilikuwa mwaka 1998. Baba wa kijana huyu alikuwa ndiye hodari wa chuo changu. Alikwisha kuhitimu Kurani, na Safinatun-Najaa aliijua mlango kwa mlango. Alipopata nafasi ya kwenda Misri mtaa mzima ulifurahi, tukasoma dua, na kina mama wakamfungia tende na mkate wa kumimina. Usiku wa kuamkia safari nilimwita faragha.

Wasomaji yawapasa kujua kwamba mimi sijapata kutoka nje ya nchi. Elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi, na nchi za mbali nazijua kwa kuhadithiwa tu. Walakini usiku ule nilisema kama mtu aliyeizunguka dunia yote. Nilimwambia: "Kaa na Waswahili wenzako. Usizoeane na wenyeji. Usile usichokijua. Na ukimwona mtu asali kinyume cha tulivyokufunza hapa, jitenge naye, asije akakuharibia dini yako."

Alinitii kwa kila neno. Alikaa chumba kimoja na wenziwe wanne wa kwetu, wakizungumza Kiswahili asubuhi na jioni, wakipika ugali na wali. Kiarabu cha kitabuni alikuwa nacho, lakini ulimi haukufunguka. Darasani mwalimu alieleza upesi upesi, naye hakuwa na rafiki mwenyeji wa kumwuliza. Siku moja alimwona mwanafunzi wa Kituruki hakusoma kunuti katika sala ya Alfajiri, akamwambia mbele ya watu kwamba sala yake ina upungufu. Tangu siku hiyo hata waliokuwa wakimsalimu walimwepuka. Mwaka wa kwanza alianguka mtihani, na wa pili kadhalika. Kabla ya mwaka wa tatu kwisha alirudi nyumbani.

Hakunilaumu hata siku moja. Ila usiku mmoja, tulipokuwa pamoja matangani, nilimwuliza ni kitu gani hasa kilichomshinda kule. Akanijibu kwa upole: "Maalim, mimi sikufanya ila uliyoniambia."

Neno hilo nimekaa nalo zaidi ya miaka 20. Baada yake wanafunzi wangu wengine watatu walikwenda Misri, nami kwa wale nilijifunza kuwauliza badala ya kuwaamuru. Mengi nitakayoyasema juu ya nchi ile nimeyapata kwao.

Haramu ni kitu, ugeni ni kitu kingine

Nilikosa wapi? Nilitia katika kapu moja vitu viwili visivyolingana: yale aliyoyaharimisha Mwenyezi Mungu, na yale ambayo sisi hatukuyazoea tu. Mtu achanganyaye mambo hayo mawili hupatwa na moja ya hasara mbili. Ama hukimbia kila kitu asirudi na elimu, ama siku akichoka kukimbia huachilia kila kitu asirudi na dini. Wa kwanza twamwona mcha Mungu na wa pili twamwona mpotevu, na kumbe wote wawili walitoka nyumbani bila ya mizani.

Mizani hiyo tumepewa na Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa nyumbani kwa mkewe, Bibi Maymuna (R.A.), akaletewa nyama ya kuchoma. Alipokwisha kunyosha mkono aliambiwa kuwa ile ni nyama ya dhabb, naye ni mnyama wa jangwani wa jinsi ya mjusi. Akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.), aliyekuwa hapo, akauliza kama nyama ile ni haramu. Mtume akajibu kwamba si haramu, bali mnyama yule hapatikani katika nchi ya watu wake, basi nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta sahani kwake akala, na Mtume akimtazama.

Fikirini, ndugu zangu. Aliyekuwa na haki kuliko watu wote ya kusema "hiki hakiliwi" hakusema hivyo. Alitenga baina ya hukumu ya Mungu na mazoea ya nafsi yake, na wala hakumzuia mwenzake. Sisi ni nani hata tufanye mazoea ya mtaa wetu kuwa nguzo ya sita ya dini?

Mkate, baridi na ulimi

Kijana wetu afikapo Cairo, jambo la kwanza la kumpima ni tumbo. Asubuhi hatapata chapati wala mandazi. Atapata ful, nayo ni maharagwe makubwa yaliyopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, yakatiwa mafuta na chumvi, yakaliwa kwa mkate. Mchana ataona koshari, ambayo ni mchanganyiko wa wali, adesi na makaroni, juu yake vitunguu vya kukaanga na mchuzi wa nyanya wenye siki na kitunguu saumu. Mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwamba siku ya kwanza alicheka, siku ya saba alishiba, na mwaka wa pili aliporudi likizo aliwapikia mama zake wakaomba tena.

Na mkate wenyewe Wamisri huuita eish, na maana yake ni uhai. Neno letu "maisha" limetoka katika mzizi huo huo. Basi mtoto wa Pwani aliyedhani amefika pasipo na chake hata kimoja, kumbe kila asubuhi anunuapo mkate hutamkiwa neno la nyumbani kwao.

Pili ni baridi. Wengi wetu hudhani Misri ni jangwa la joto mwaka mzima. La. Usiku wa Januari mjini Cairo hushuka mpaka nyuzi 9 au 10, na nyumba nyingi hazina moto wa kuzipasha. Halafu majira ya kuchipua miti huvuma upepo wa khamsini, wenye joto na vumbi. Mzazi na amnunulie mwanawe blanketi na nguo nzito kabla ya kumnunulia kanzu ya pili.

Tatu ni ulimi, na hapa ndipo walipokwama wengi. Kiarabu cha vitabuni ni kimoja, na cha sokoni ni kingine. Neno qalb, yaani moyo, atalisikia likitamkwa alb. Neno jamil, yaani zuri, litakuwa gamil. Na "sasa", ambalo kitabuni ni al-aan, muuza duka atalisema dilwa'ti. Mwanafunzi mwenye kiburi husema, "Hawa wameharibu Kiarabu," akafunga mdomo. Kwa kufunga mdomo hukosa vyote viwili, kwani lugha ya kitabu nayo hutaka ulimi uliozoea kusema.

Mwanafunzi wangu wa pili aliyekwenda kule hakuwa hodari kama wa kwanza. Lakini kila asubuhi alikula ful penye gari la mkono la mzee mmoja karibu na mahali alipokaa. Mzee yule hakujua kusoma. Alimsahihisha maneno huku akimchotea maharagwe, na siku kijana alipokosa kuonekana kwa homa alimtuma mwanawe amtazame. Kwa miezi sita kijana akafahamu darasani. Alinieleza: "Maalim, nilikuwa na walimu wengi, na mmoja wao alifundisha kwa upawa." Tena tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi. Ikiwa lugha ya watu wasiokuwa wa mila yetu ilikuwa na faida, itakuwaje lugha ya Waislamu wenzetu tuliokwenda kuwaomba elimu?

Wageni waliokaa rawakini

Pengine msomaji atauliza: Je, kukaa na watu wa kwetu ni vibaya? Sivyo. Msikiti wa Al-Azhar ulisaliwa Ijumaa ya kwanza katika Ramadhani ya mwaka 361 wa Hijra, sawa na mwaka 972 wa Miladi, na kwa karne nyingi ulipokea wanafunzi wa kila jinsi. Wageni walikaa katika kumbi zilizoitwa rawaki, kila watu na yao: rawaki ya Wamaghribi, ya Washami, ya Waturuki, na ya Wajabarti waliotoka upande wa Uhabeshi. Humo walipata mahali pa kulala, chakula, na mtu wa kuwaliwaza kwa lugha yao. Lakini masomo yalikuwa ya wote. Mwalimu alikaa penye nguzo ya msikiti, na wanafunzi wa kila nchi wakamzunguka.

Huo ndio utaratibu mwema. Usiku uwe na rawaki yako, na mchana uwe penye nguzo pamoja na watu wote. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimfunga rawakini mchana na usiku.

Siku hizi iko rawaki nyingine iliyo hatari zaidi, nayo ni simu. Zamani barua ilichukua wiki nyingi, na katika wiki hizo kijana alilazimika kuuzoea mji alioko. Leo kijana aweza kuwa na mwili Cairo na masikio Tanga, akasikiliza habari za mtaani mpaka usiku wa manane, asimjue jirani aliyelala nyuma ya ukuta. Nasi wazazi twashiriki katika kosa hili tumpigiapo kila saa kumwuliza amekula nini. Mpigieni kwa wakati mliopatana, kisha mwacheni awe alipo.

Imamu wetu alikuwa mwanafunzi mgeni

Mwanafunzi wa Pwani akiisha kupumzika na safari, aende akalizuru kaburi la Imamu Shafii (R.A.), ambalo liko huko huko Cairo. Kuba lake lilijengwa mwaka 608 wa Hijra, yaani 1211, na juu yake pana chombo kidogo cha madini mfano wa jahazi. Sisi wa Pwani, ambao mafundisho ya Imamu huyu yalitufikia kwa majahazi, tuna la kufikiri tukitazama juu ya kuba lile.

Imamu alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra. Mama yake akamchukua Makka angali mdogo. Akaishi na Bedui wa kabila la Hudhayl ili apate ufasaha wa lugha. Akaenda Madina kusoma kwa Imamu Malik, akafika Yemen, akaenda Iraki akasoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa. Mwisho akahamia Misri, akafia huko mwaka 204. Kila alikokwenda alisikiliza kabla ya kusema. Na alipofika Misri, kwa dalili alizozipata na kwa kuyapima upya aliyoyasema, alibadili fatwa nyingi alizozitoa Iraki. Ndiyo maana katika vitabu vyetu husemwa "kauli ya kale" na "kauli mpya". Sehemu kubwa ya tunayoyafuata leo katika misikiti yetu ni ile kauli mpya ya Misri. Basi namna tunayosali tumeipata kwa mtu ambaye hakuona haya kujifunza ugenini, na ambaye aliyarudi maneno yake mwenyewe alipoona lililo na nguvu zaidi.

Tena imepokewa kwamba aliposali Alfajiri karibu na kaburi la Imamu Abu Hanifa mjini Baghdad, aliacha kunuti kwa kumheshimu mwenye kaburi, ambaye hakuiona ni suna ya kudumu katika sala hiyo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule Mturuki, nikaona haya. Imamu mwenyewe alinyamaza kwa adabu, na mwanafunzi wake wa mbali, kwa mafunzo yangu mimi, akapaza sauti.

Wala si Imamu peke yake. Masheikh wetu wakubwa nao walisafiri. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija na kuwa kadhi wa Unguja, alifika Hadhramaut, Istanbul na Misri. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alifika Makka na Hadhramaut, na hata Cape Town. Wote wawili walifariki mwaka 1925, na vyuo vyetu vingi vya Pwani vingali vikila matunda ya safari zao.

Subira ya Nabii Musa

Kuna kisa kingine ambacho kila mwanafunzi asafiriye akisome, nacho ni cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Kahf. Musa alikuwa Nabii, mwenye kitabu, lakini alifunga safari mpaka makutano ya bahari mbili kumfuata mja wa Mungu aliyekuwa na elimu asiyokuwa nayo yeye. Akaahidi kuwa atasubiri. Akaona jahazi la maskini likitobolewa, akashindwa kusubiri. Akaona jambo la pili zito kuliko hilo, akashindwa. Akaona ukuta ukijengwa bila ya ujira, akashindwa mara ya tatu, nao ukawa mwisho wa kufuatana kwao.

Maulamaa wetu hawasemi kwamba Musa alikosa kwa kuchukia alilodhani ni dhuluma. La kujifunza ni kuwa jambo geni lina sura ya nje na sababu ya ndani, na sababu huijua mwenye kungoja. Ikiwa Nabii mwenye azma alielemewa na haraka, kijana wa miaka 19 asijiamini kupita kiasi. Aonapo asilolifahamu, neno lake la kwanza liwe "Kwa nini?" na lisiwe "Mmekosea."

Upande wa pili wa mizani

Nisije nikafahamika vibaya. Wahenga wamesema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba jicho. Hiyo ni kweli katika chakula, mavazi ya stara, maamkizi na mazungumzo. Katika sala haifumbwi. Hata katika mji wa misikiti elfu yako maovu, wako vijana wapotezao usiku, yako mapesa ya haramu, na yako maneno ya uchochezi yanayovishwa kanzu ya dini. Kijana na awe na vitu vinne visivyobadilika: sala tano kwa wakati, kusema kweli, kujihifadhi na zinaa na ulevi, na haki ya wazazi wake. Hivyo akivishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili aufungue apokee.

Wala asidanganywe kuwa hatahuzunika. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa safari ni sehemu ya mateso, kwani humnyima mtu usingizi wake na chakula chake. Miezi ya kwanza atalia, na pengine atakuta cheti chake hakikubaliwi sawa, atakiwe kuanza chini kwa masomo ya lugha. Asione ni fedheha. Anayeanza chini akafahamu ni bora kuliko aliyepandishwa juu akabaki akitazama midomo ya walimu.

Na haya si ya wavulana tu. Sheria namba 103 ya mwaka 1961 iliongeza katika Al-Azhar masomo ya uganga, uhandisi na ukulima, ikaweka na chuo cha wasichana. Binti aliyelelewa vyema naye ahitaji mizani ile ile, wala asipewe hofu mahali pa mizani.

Nilivyomwambia kijana

Siku tuliyopatana walikuja tena, baba na mwana. Nilianza kwa baba. Nilimwomba radhi mbele ya mwanawe kwa nasaha za mwaka 1998. Alitaka kunizuia, nikamwambia aniache nimalize, kwani mwalimu akikosa mbele ya mwanafunzi yampasa akiri mbele ya mwanafunzi.

Kisha nikamwambia kijana: "Mwanangu, mimi sijui Cairo. Baba yako aijua kuliko mimi, basi safari hii nasaha na itoke kwake."

Baba alinyamaza kitambo. Halafu akasema: "Mwanangu, palikuwa na Mturuki mmoja jirani yangu. Kabla ya siku ile alikuwa akinigongea mlango kila Alfajiri tuende msikitini, na mimi sikumwuliza hata jina lake. Wewe ukifika, wa kwanza atakayekugongea mlango, mwulize jina."

Mimi nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Niliyaacha, tukainua mikono tukaomba dua.

Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu walioko ugenini, awafungulie vifua vyao na ndimi zao, awarudishe kwetu na elimu yenye manufaa na dini iliyo salama. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam.